Raft: Mwongozo kwa anayeanza mchezo wa chelezo na papa, na pale bahari ya Likoni inapoukosoa

MTU anaamka katikati ya bahari. Chini ya miguu yake pana vipande vinne vya mbao vilivyoshikamana, mkononi ana kulabu ya plastiki yenye kamba, na mpaka upeo wa macho hakuna dalili ya nchi kavu. Kabla hajajua afanye nini, pezi la papa linapasua maji na chombo chake kinatikisika.

Hivyo ndivyo unavyoanza mchezo wa kompyuta uitwao Raft, jina lenye maana ya chelezo, yaani mbao zilizofungwa pamoja zikaelea majini. Ni mchezo wa kutafuta uhai baharini: mchezaji hupambana na kiu, njaa, upepo na wanyama wakali, huku akikipanua chombo chake kidogo kidogo hadi kiwe nyumba inayosafiri.

Kijana wa Timbwani, Mtongwe, Mikindani au Utange anayeketi mbele ya kompyuta kuujaribu mchezo huu ana bahati ambayo wenzake wa mbali hawana. Mengi anayotakiwa kujifunza yamekwisha kusemwa na mabaharia wa pwani yake kwa karne nyingi. Hata hivyo, yapo mambo kadhaa ambayo mchezo huyasema kinyume, na mwenye kuyaamini anaweza kupoteza maisha katika maji yaliyo hatua chache kutoka nyumbani kwao. Makala haya yanaeleza yote mawili: namna ya kuanza mchezo vyema, na mahali ambapo mchezaji hana budi kuuacha mchezo na kuisikiliza bahari yenyewe.

ASILI YA MCHEZO

Raft ulibuniwa na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi, ambao waliunda kampuni ndogo ya Redbeet Interactive. Toleo la awali lilitolewa bure mtandaoni mwishoni mwa mwaka 2016. Tarehe 23 Mei 2018 mchezo ulianza kuuzwa katika duka la mtandaoni la Steam ukiwa bado unaendelezwa, na tarehe 20 Juni 2022 ukatolewa ukiwa kamili pamoja na sehemu ya mwisho ya hadithi yake. Mchapishaji ni kampuni ya Axolot Games.

Hadithi yenyewe ni ya dunia iliyofunikwa na maji. Walionusurika wameacha nyuma yao minara, meli na miji inayoelea, na mchezaji hufuata nyayo zao kutoka kituo kimoja hadi kingine.

Msomaji afahamu mambo mawili kabla ya kutoa pesa zake. Kwanza, mchezo huu hununuliwa. Ipo michezo mingi ya simu yenye majina na picha zinazofanana nao, lakini si huu. Pili, lugha ya Kiswahili haimo miongoni mwa lugha zake, hivyo asiyesoma Kiingereza vizuri aketi na mwenzake anayekisoma, maana maelekezo mengi ya hadithi yameandikwa katika vikaratasi vinavyookotwa njiani.

SAA YA KWANZA: OKOTA, USICHAGUE

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kusimama wakiduwaa. Bahari ya mchezo huu hupitisha vitu vinavyoelea: mbao, plastiki, makuti na mapipa. Mchezaji hurusha kulabu, huiacha ikae juu ya kitu, kisha huivuta. Kila kinachopita bila kuvutwa hakirudi.

Katika dakika za mwanzo okota kila kitu. Mapipa yapewe kipaumbele, kwani ndani yake hupatikana mchanganyiko wa vitu, vikiwemo viazi na vyuma chakavu. Makuti husokotwa kuwa kamba, na kamba huingia karibu katika kila kifaa.

Mzee yeyote wa pwani atacheka kidogo hapa. Kamba zilizofunga vyombo vyetu hazikutokana na makuti bali na usumba, nyuzi za makumbi ya nazi yanayofukiwa katika matope ya ufuoni mpaka yalainike, kisha yakapondwa na kusokotwa. Mtepe, chombo cha kale cha pwani ya Lamu, ulishonwa kwa kamba za namna hiyo bila msumari hata mmoja.

Kuhusu plastiki, mchezo hautii chumvi sana. Mwaka 2018 huko Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walizindua Flipflopi, dau la urefu wa takriban mita 9 lililoundwa kwa tani 10 za taka za plastiki na kupambwa kwa champali zipatazo 30,000, nyingi zikiwa zimeokotwa fuoni. Mapema mwaka 2019 chombo hicho kilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita zipatazo 500, kikipitia Mombasa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kujenga chombo kwa takataka ni ndoto za watoto, mweleze kuwa jambo hilo limekwisha kufanyika, tena hapa hapa kwetu.

Baada ya kulabu, tengeneza nyundo ya kujengea, upanue sakafu, kisha uweke nyavu za kunasia kwenye ukingo wa upande ambao vitu hutokea. Nyavu hizo huokota wakati wewe unafanya kazi nyingine. Haba na haba hujaza kibaba.

KIU HUUA KABLA YA NJAA

Pembeni mwa kioo pana vipimo vya kiu, njaa na afya. Wengi huhangaikia chakula kwanza, na hapo ndipo wanapofia. Kipimo cha kiu ndicho cha kukitazama kwanza.

Tengeneza kikombe na kichujio cha maji. Jaza kikombe maji ya bahari, mimina katika kichujio, weka mbao za kuni, subiri, kisha unywe. Usinywe maji ya bahari moja kwa moja. Weka mbao chache akiba siku zote kwa ajili ya moto huo, kwa sababu mchezaji aliyetumia mbao zote kujenga sakafu pana atakufa kwa kiu akiwa na chombo kizuri.

Katika hili mchezo unasema kweli. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na figo za binadamu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho. Anayekunywa maji ya bahari hulazimika kupoteza maji zaidi ya aliyokunywa ili kuitoa chumvi hiyo. Ndiyo maana kiu huzidi badala ya kupungua.

Lakini msomaji asidanganywe na moto wa kichujio. Kuyachemsha maji ya bahari hakuondoi chumvi. Kinachofaa kunywewa ni mvuke wake uliokusanywa na kupozwa. Sufuria iliyo wazi juu ya jiko itakuachia maji yenye chumvi kali kuliko mwanzo. Baharia wa kweli hategemei ujanja huo. Hubeba maji ya kutosha kutoka pwani, na akapanga safari kulingana na maji aliyo nayo.

Baada ya maji, jiko. Ndoana itakupatia samaki, nawe utawachoma kwa kuni zile zile. Wasomaji wa Kisumu watashangaa kumwona ngege akivuliwa katikati ya bahari ya chumvi. Huo ni uhuru wa waliobuni mchezo. Viazi vinaweza kupandwa katika vitalu, lakini shakwe huja kuvila, hivyo weka sanamu ya kuwatishia. Ukifika kisiwa chenye minazi, chukua madafu, kwani hutuliza njaa na kiu kwa pamoja.

PAPA NA BANDU BANDU YA CHOMBO

Papa wa Raft hana haraka. Huzunguka, kisha hung'ata kipande cha ukingo na kukitafuna hadi kivunjike. Akiachwa, huendelea na kingine. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

Mambo manne yatakusaidia. La kwanza ni mkuki: utengeneze mapema, na papa anapong'ata, mchome mara kadhaa mpaka aachie. La pili, usiweke vitu vya thamani kwenye ukingo, maana kipande kikivunjika hupotea na kilicho juu yake. La tatu, ukishapata chuma, vika vipande vya pembeni kinga ya chuma, hasa vile vinavyobeba nyavu. Papa having'ati tena. La nne, papa anayeuawa hutoa nyama nyingi, na hupita muda kabla ya mwingine kuja. Muda huo ndio wa kupiga mbizi.

Mwenye kupiga mbizi papa akiwa hai atumie chambo cha kumshughulisha, naye asiende mbali na ngazi.

Katika maji yetu uhusiano wa papa na chombo umekuwa kinyume kabisa. Papa hakula mbao. Mafuta ya ini lake, yaitwayo sifa, ndiyo yaliyopakwa kwenye mbao za majahazi ili zisioze wala zisipasuke kwa jua. Nyama yake hukaushwa na kupikwa kwa nazi katika nyumba nyingi za Mombasa. Kati ya papa na binadamu, aliyemmaliza mwenzake ni binadamu, na aina kadhaa za papa sasa zimepungua mno kwa sababu ya uvuvi. Tena papa mkubwa kuliko wote, yule mwenye madoa ambaye wavuvi wa Kenya humwita papa shilingi, hula viumbe vidogo vinavyoelea na hamdhuru mtu.

Kinachokula vyombo vyetu ni mdudu mdogo mwenye umbo la mnyoo anayetoboa mbao chini ya maji, pamoja na maji yanayopenya katika nyufa. Dawa yake ni kukipandisha chombo pwani, kukikwangua, kukikalafati kwa pamba na mafuta, na kukipaka shahamu. Asiyeziba ufa katika chombo hapati nafasi ya kujenga ukuta.

TANGA, UPEPO NA NANGA

Mwanzoni chelezo huchukuliwa tu na maji. Kasia husaidia kukisogeza kidogo, lakini tanga ndilo linalokupa uwezo wa kuchagua kisiwa. Weka kipeperushi kinachoonyesha upepo unakoelekea, kisha geuza tanga kuufuata au kwenda upande. Ukiona kisiwa, geuza mapema; ukikipita ni vigumu kukirudia.

Nanga ni kifaa ambacho wanaoanza hukisahau. Usishuke kamwe kisiwani kabla ya kutia nanga. Wapo waliokwenda kukata mti, wakageuka na kukuta nyumba yao yote inapotelea upeoni.

Mchezo huu una udhaifu mmoja ambao nahodha wa ngalawa angeukataa. Humo tanga haliwezi kukupeleka upande upepo unakotoka. Ukitaka kwenda huko lazima uwe na injini. Katika bahari ya kweli, tanga la pembetatu la pwani yetu hubisha: chombo huenda kwa mshazari upande mmoja, tanga likageuzwa, kikaenda mshazari upande wa pili, na hivyo kikapanda polepole dhidi ya upepo. Ni kazi ngumu na huchukua muda mrefu, lakini hufanyika.

Aidha, upepo wa mchezo hauna majira. Wetu unayo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, nayo ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huanza karibu Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba, na katika miezi ya Juni hadi Agosti bahari ya nje ya mwamba huchafuka, vyombo vidogo vikabaki ndani. Katikati ya misimu hiyo huja maleleji, pepo zisizotulia. Mwenye kuanza kujifunza tanga ajifunzie ndani ya mwamba, wakati wa kaskazi tulivu, pamoja na mwenyeji.

VISIWA NA WANYAMA WAKE

Visiwa vidogo ni salama, na maji ya pembeni mwake ndiyo ghala la kweli. Humo chini kwa kulabu utapata mchanga, udongo wa mfinyanzi, mwani na mawe yenye chuma na shaba. Mchanga na udongo hutengenezewa matofali ya tanuri, na tanuri huyeyusha madini. Bila chuma safari haiendelei. Chunga pumzi yako: rudi juu kabla kipimo hakijafika nusu, si kinapokaribia kwisha.

Visiwa vikubwa vina wakazi. Ngiri hushambulia kwa kukimbia moja kwa moja. Mkwepe kando, kisha mchome anapopita. Ndege mkubwa hunyakua jiwe na kukuangushia kutoka juu. Tazama aliko, usisimame mahali pamoja, na mpige mshale anapokwenda kuchukua jiwe jingine. Majini kuna samaki anayejivimbisha na kutoa sumu. Mchome kutoka mbali kadiri unavyoweza, kisha rudi nyuma upesi.

Samaki huyo wa mwisho anajulikana pwani kwa jina la bunju, na sumu yake ni ya kweli. Haiondoki kwa kupika, wala hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Bunju wetu hamrukii mtu, hudhuru anapoliwa. Akiingia wavuni, arudishwe baharini.

Watoto wa Mombasa huonywa pia juu ya chunusi, kiumbe asiyeonekana anayesemekana kumvuta muogeleaji chini na kumzamisha. Aaminiye na asiyeamini wote wanajua kwamba kuna mahali katika mikono ya bahari ambapo maji humvuta mtu bila kumwonyesha aliyemvuta. Ukiambiwa na wenyeji kwamba mahali fulani pana chunusi, usibishane nao. Kaoge kwingine.

UTAFITI, REDIO NA SAFARI YA HADITHI

Ukiwa na maji, chakula na tanga, jenga meza ya utafiti. Kila kitu kipya unachokipata kiweke hapo mara moja, kwani ndicho kinachofungua ujuzi wa kutengeneza vifaa vingine. Miongoni mwavyo ni kipokezi cha redio, kinachohitaji betri na antena tatu. Antena zisibanane, na ziwe katika kimo kimoja. Ukikosea, kioo cha kipokezi chenyewe hukuambia kosa ni lipi.

Kipokezi hukuelekeza kwenye mnara wa redio, ambao ndio kituo cha kwanza cha hadithi. Humo utapata tarakimu za kukupeleka kwenye meli iitwayo Vasagatan, na kutoka huko hadi kisiwa cha Balboa, na kuendelea. Usianze safari hiyo mikono mitupu. Beba maji, chakula kilichopikwa, mkuki au upinde, na nafasi mfukoni ya kurudi na ulichokipata. Soma kila karatasi. Majibu ya milango iliyofungwa yamo humo.

Nje ya mchezo, redio ina kazi kubwa zaidi. Mawimbi ya VHF, njia ya 16, ndiyo yanayosikilizwa na vyombo na vituo vya pwani duniani kote kwa ajili ya wito wa hatari, na Mombasa kuna kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini. Simu ya mkononi ni msaada ikiwa imefungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji na ikiwa bado ina chaji, lakini mtandao wake hupungua kadiri chombo kinavyokwenda mbali na pwani.

CHEZA NA WENZIO

Raft huweza kuchezwa na watu kadhaa kwa pamoja, na hapo ndipo unapopendeza zaidi. Mmoja aokote, mmoja alinde dhidi ya papa, mmoja apike na kutazama maji, mmoja ashike tanga. Mchezaji akizirai, mwenzake anaweza kumbeba hadi kitandani akapona. Gaweni kazi mapema na mkubaliane nani ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya njia, maana manahodha wengi chombo huenda mrama.

PALE MCHEZO UNAPODANGANYA

Sasa tuyatazame yale ambayo mchezaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe hapaswi kuyachukua kutoka kwenye kioo na kuyapeleka majini.

Kwanza, chelezo cha mchezo hakizami kwa mzigo. Unaweza kujenga ghorofa kadhaa na kuzijaza masanduku, nacho hakishuki hata inchi moja. Wakazi wa Mtongwe wanajua ukweli ulivyo. Mnamo tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe iliyokuwa imejaza abiria kupita kiasi ilipinduka karibu na ufuo, umbali unaokadiriwa kuwa mita 40 tu. Kati ya watu wapatao 400 waliokuwemo, 272 walifariki. Walikuwa wakienda kazini na sokoni, si vitani wala katika dhoruba. Chombo kina kiwango chake cha kubeba, na anayekataa kupanda chombo kilichojaa si mwoga.

Pili, bahari ya mchezo haina kujaa na kupwa. Mombasa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban siku moja, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji hayo yote huingia na kutoka kupitia milango myembamba: mkondo wa Likoni unaoelekea Kilindini na Port Reitz, mkono wa bahari wa Tudor kati ya kisiwa na Kisauni, na ule wa Mtwapa. Mwendo wake huwa mkali zaidi katika saa za katikati, yaani saa ya tatu na ya nne baada ya maji kugeuka. Muogeleaji hodari hashindani nao. Akichukuliwa, aelee, avuke kwa mshazari kuelekea ufuo wowote, apige kelele, asipoteze nguvu kurudi alikotoka. Wakati wa maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mikondo hupungua lakini haiishi.

Tatu, katika mchezo hakuna meli inayopita. Mkondo wa Likoni hupitisha meli za mizigo ziendazo bandari ya Kilindini, nazo haziwezi kusimama ghafla wala kukwepa katika njia nyembamba. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinavitaka vyombo vya tanga na vyombo vyenye urefu wa chini ya mita 20 visizizuie meli za aina hiyo. Kwa lugha nyepesi: mwenye mtumbwi asubiri meli ipite, na feri pia, hata kama anaamini kuwa atawahi kuvuka.

Nne, mchezoni usiku ni mrefu tu. Baharini usiku ni hatari. Chombo kisicho na taa hakionekani.

Tano, na hili ndilo kubwa, anayekufa katika Raft huamka tena chomboni, pengine akiwa amepoteza baadhi ya mali yake. Mchezo hujengwa hivyo ili mtu ajifunze kwa kukosea. Bahari haitoi somo la pili.

KABLA YA KUSHUKA MAJINI

Kwa kijana ambaye mchezo umemtia hamu ya kushika tanga la kweli, na hamu hiyo ni njema, haya ndiyo ya kuanzia:

1. Jifunze kuogelea kwanza, pamoja na mtu mzima anayejua.

2. Vaa jaketi la kuokoa maisha na ulifunge. Lililowekwa chini ya kiti halimwokoi mtu.

3. Mwambie mtu wa nchi kavu unakwenda wapi, na nani, na utarudi saa ngapi. Hilo ndilo litakalowafanya watu waanze kukutafuta.

4. Tazama mwezi, jedwali la maji na utabiri wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga siku hiyo hiyo, si wa juzi.

5. Beba maji ya kunywa, upo wa kukumbia maji, kasia la ziada, kamba, nanga, tochi na filimbi.

6. Panda chombo kilichosajiliwa na kukaguliwa. Usalama wa vyombo ni jukumu la Mamlaka ya Masuala ya Bahari ya Kenya (KMA), nayo Huduma ya Walinzi wa Pwani, iliyozinduliwa Mombasa mwaka 2018, hufanya doria na uokoaji.

7. Waendee wavuvi wa eneo lako. Vikundi vya usimamizi wa fuo vipo katika sehemu nyingi za kutua samaki, na mzee aliyesafiri kusi na kaskazi miaka 30 atakufundisha kwa asubuhi moja jambo ambalo hakuna kioo kitakachokuonyesha.

Raft ni mchezo mzuri. Humfundisha mchezaji kutunza maji, kuziba mapengo mapema, kutia nanga kabla ya kushuka na kuwasikiliza wenzake. Hayo ni mafunzo ambayo mabaharia wa pwani hii wangeyatia sahihi bila kusita. Mchezaji ayachukue hayo, na ule ujasiri wa mtu anayejua kuwa atafufuka auache pale pale kwenye kiti, anapozima kompyuta na kuelekea kivukoni.